Macho ya Mama na Kura ya Ijumaa

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka maktaba ya chuo hapa Guangzhou. Nimesoma habari za padri mmoja wa Ulaya ya zamani, aliyewaungamisha wanawake kabla hawajachomwa moto kwa uchawi. Alisema hakuona mchawi hata mmoja. Mtu akiteswa vya kutosha atakiri lolote. Kitabu chake alikitoa bila jina, maana aliyewatetea wachawi naye aliitwa mchawi.

Nikakukumbuka wewe, siku sungusungu, wale walinzi wa jadi, walipowapigisha wanakijiji kura ya kumtaja mchawi. Wewe ndiye mwalimu, wakakupa uzisome karatasi. Karibu zote zilimtaja Bibi Kabula, jirani yetu mjane, kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Ukazikunja, ukawaambia, "Wekundu ule ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Hata mke wangu anapikia hicho hicho. Mtazameni macho."

Wakamtazama. Bibi Kabula alipona siku ile, nami nikakuona shujaa. Lakini nilikuwa nimemshika Mama mkono, nao ulikuwa wa baridi. Wewe hukuliona hilo, Baba, na mpaka leo nina hasira nawe.

Sasa hupo tena duniani. Kaka ameniambia kwa simu kwamba watoto wawili wamekufa kwa homa, na kura nyingine ni kesho, Ijumaa. Jina linalonong'onwa ni la Mama. Amekataa kuhama, anasema akikimbia watasema amekiri.

Dada mmoja wa Dar ninayemtafsiria bei za viatu kule soko la Liuhua amenionya. "Usijitie, mdogo wangu. Mtoto akitetea, wanasema karithi." Mwakani narudi nyumbani, Baba, na ni watu hao hao nitakaowatibu.

Hata hivyo nilimsomea kaka maneno ya kuwafikishia mkutanoni: kwamba nasomea udaktari, kwamba macho yale ni moshi tu, na homa ile ina dawa. Akauliza, "Niseme kaandika nani?"

Nikamwambia ataje jina langu lote.

Nakuaga sasa, Baba. Ukimwona Mama anakuja huko kesho, mpokee, umfunike, amechoka. Ila namwomba Mungu uendelee kukaa peke yako.

Ni mimi, binti yenu