Matofali Yaliyoonekana Kifuani Mwako

Haji, rafiki yangu,

Jana nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na nimeona nikueleze sababu, maana inakuhusu wewe na binti yako Zaituni. Ulizoea kuniambia, "Mwalimu, mimi nimekuuliza njia ya sokoni, wewe unanipa ramani ya dunia." Nivumilie tena.

Unaikumbuka ile safari ya Zaituni kuja kwangu Kasese. Alikuwa ameweka kwenye simu yake programu inayoiacha kamera wazi kwa muda, akataka maji ya mto Nyamwamba yatoke laini kama maziwa yanayomiminwa. Tulishuka mtoni mchana, na picha zote zikatoka nyeupe kama unga. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilipata la kueleza. Kamera kubwa ina tundu linaloweza kubanwa ili mwanga uingie kidogo kidogo. Tundu la simu yake halibanwi. Ukiliacha wazi mchana, mwanga unafurika. Tukangoja jua lijifiche nyuma ya milima. Hapo tukakutana na shida ya pili: simu ni nyepesi mno, hata kupumua kwa anayeishika kunaitikisa. Tukaibana katikati ya mawe mawili, na mwishowe maji yakawa maziwa kweli. Alilala kwangu, kesho yake akarudi Bwera.

Jioni hiyo alikukuta barazani, kwenye kigoda chako. Akaiegemeza simu kwenye debe, akakupiga picha, bila kukumbuka kwamba programu ilikuwa bado kwenye mpangilio wa mtoni. Wiki haikuisha. Ulilala, na asubuhi hukuamka.

Nilipofika msibani nilikuta simu ile ikizunguka mkono kwa mkono. Kigoda kilionekana vizuri, birika la udhu lilionekana, hata kandambili zako. Lakini wewe, Haji, ulikuwa ukungu wenye umbo la kanzu, na matofali ya ukuta yalionekana kifuani mwako. Uso haukuwapo. Nikisema sikusisimkwa mwili nitakuwa naongopa.

Dada yako Sauda ndiye aliyelitamka. "Roho yake ilikuwa inatoka. Mutoto aliona, akanyamaza."

Hakusema kwa ubaya. Unamjua, akiwa na uchungu ulimi wake hauna breki. Lakini neno lile la kunyamaza lilimwingia Zaituni mpaka kwenye mifupa. Aliacha kula. Simu aliizima, akaifunga kwenye kitambaa. Nilipokwenda kukaa naye aliongea akiwa ameugeukia ukuta. "Mwalimu, ningejua kuisoma ile picha, ningempeleka baba hospitali siku ile ile."

Nilianza kumweleza, lakini maelezo yangu hayakumfikia. Aliitikia tu kwa heshima, kama wanafunzi wangu wa zamani walivyoitikia saa sita mchana wakiwa na njaa. Basi juzi, baada ya hitma, wageni walipopungua, nilikitoa kigoda chako barazani, nikakiweka palepale. Nilimwomba Sauda akae. Alikataa katakata, akasema yeye hana haraka ya kukufuata. Nikakaa mimi kwanza. Nilimwomba Zaituni aifungue ile programu, asibadilishe kitu, abonyeze mwenyewe. Akaiegemeza simu kwenye debe lilelile, akabonyeza. Nilikaa kidogo, nikainuka. Picha ikatoka: Mwalimu mzima, na matofali tumboni.

Hapo Sauda alisogea. Akakaa, akajitengeneza mtandio, Zaituni akabonyeza, na adhana ya magharibi ilipoanza tu akainuka kama anavyoinuka kila siku. Alipoonyeshwa picha alijiona naye ni ukungu, matofali kifuani.

"Mwalimu," akasema, "mimi iko hapa. Sasa nilikufa saa ngapi?"

Haji, wanawake walicheka mpaka jirani akachungulia. Zaituni alicheka pia, kicheko kikageuka kilio, kilio cha kawaida sasa, cha kumlilia baba. Kisha akauliza kama ugali umebaki.

Nilingoja ale, halafu nikamweleza, na safari hii alisikia. Kamera ikiwa wazi inakusanya yote yanayopita mbele yake, kama turubai linavyokusanya mvua. Kilichotulia kinajaa. Kilichosogea kinapata kidogo tu, na mahali alipokuwa mtu, ukuta wa nyuma unapata sehemu yake ya mwanga. Wewe hukuwahi kutulia. Nilimkumbusha ile picha ya pasipoti ya safari yako ya Maka, jinsi yule mpiga picha wa Kinyamaseke alivyorudia na kurudia mpaka akakuomba uwaze jambo la kuhuzunisha ili utulie, nawe ukasema unawaza bei yake.

Lakini sikumdanganya. Nilimwambia picha ile haikuonyesha ugonjwa, wala haikuuficha. Simu haijui ugonjwa, inajua mwanga tu. Hapakuwa na kitu cha kusoma ndani yake, kwa hiyo hakuna alichoacha kusoma.

Akaikuza picha yako kwa vidole. Akanionyesha jinsi ule ukungu unavyoanzia kwenye kigoda na kupanda mpaka kimo chako ukiwa umesimama, huku kandambili zikiwa hazijasogea. "Kumbe hapa alikuwa anainuka kwenda kuswali," akasema. Sauda alikuwa karibu. Alimvuta, akamlaza kifuani, na yale aliyomwambia sikuyasikiliza, maana hayakuwa yangu.

Nilirudi Kasese jana. Nyumba yangu ni ileile, na lori la saruji likipita bado nainua kichwa nikidhani ni lile ulilokuwa ukiendesha. Huzuni ipo, Haji, na itakaa. Ila ule mzigo mwingine, wa mtoto kujihukumu kwa kosa ambalo halikuwapo, umeshuka, na mgongo wangu wa uzee unaona tofauti.

Lala salama, rafiki yangu. Mungu tuliyemwomba kwa lugha mbili, wewe msikitini na mimi kanisani, akupokee. Nakuahidi nitafika Bwera kila Idd nikiwa na nguvu ya kupanda gari, nitakaa na Zaituni na Sauda, na mtu yeyote akiiona picha ile akauliza ule weupe ni nini, nitamjibu kwamba ni Haji, amesikia adhana, anainuka.

Mwalimu wako