Mchumba Amenona

Wodi ya kifua
2 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafasi ya kushika jembe. Mimi sijambo kiasi cha mtu aliyelazwa. Vidonge nameza kiganja kizima, nakohoa, nalala. Kifua changu ndicho kile kisichosikia dawa za kawaida, kwa hiyo daktari amesema miezi sita, na mtoto asiletwe hapa kabisa.

Siku saba leo tangu nimwachishe ziwa bila hata kumuaga. Maziwa bado yanakuja. Mtoto wa mtu akilia huko nje ya dirisha, nguo yangu inalowa.

Najua wewe na jiko hamjuani, marehemu mama hakukuruhusu hata kushika mwiko. Lakini nimwachie nani? Baba yake aliondoka na kifua hikihiki. Mtoto ana miezi kumi na moja sasa. Mpe uji, maharage, mayai, mboga za majani, kidogo kidogo mara nyingi. Simu huko haishiki hata ukipanda juu ya paa, basi mpe barua dereva wa lori la mazao, ameniahidi. Niandikie kila kitu, hata anavyopiga chafya.

Binti yako


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Huku wazima, mimi na mchumba wangu. Yeye ameota meno mawili na mimi nimeng'oka mawili, kwa hiyo ukijumlisha familia iko palepale.

Siku tatu za kwanza alilia mpaka nikalia na mimi, sikufichi. Nikamfunga mgongoni tukaenda shamba. Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini. Wacheke tu. Siku ya nne akachoka, akanywa uji.

Uji nakoroga mwenyewe, mwepesi usimkabe, na sukari ili asahau ziwa. Maharage bado makubwa kwa koo lile, kwa hiyo nampa mchuzi wake, maana utamu wote si umo mchuzini? Punje nakula mimi. Mayai sijagusa hata moja. Nimewaachia kuku wayaatamie yote, ukirudi ukute ua umejaa, uchinje upendavyo, urudishe mwili. Kila nikipita bandani naiwaza siku hiyo. Nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe. Pona urudi.

Baba yako


9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na mchumba wako? Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mkunjo. Pale pa meno nilimsomea mgonjwa wa kitanda cha pili, tukacheka mpaka tukakohoa, muuguzi akatufokea wote wawili.

Na hao kuku, baba! Nimewaota. Umenipa sababu ya kumeza vidonge hivi vichungu.

Niambie, ananenepa? Anatambaa? Bado ana ile harufu yake shingoni? Nina hamu naye mpaka mikono inaniuma. Maziwa yamekauka juzi. Nilidhani nitafurahi kupumzika, kumbe wapi.

Binti yako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe kwa ukimya, mvua zilitukimbiza tukawa tunapanda kutwa. Mimi mzima, mgongo ndio uleule.

Habari nzuri naiweka mbele: mchumba amenona! Mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Miguu ndiyo usiseme, viatu ulivyomwachia havimwingii. Unajua nimechunga ng'ombe wa watu tangu sijaota ndevu, kiumbe aliyenona namjua kwa kumtupia jicho tu. Tena amekuwa mpole ajabu. Halii, hasumbui, nikimkalisha mkekani asubuhi namkuta palepale mchana. Uji anaonja tu anaacha, ameshiba huyo. Nywele zimelainika na kugeuka hudhurungi, jirani anasema atakuwa mrembo wa kusumbua watu.

Kuna kitu kimoja cha kuchekesha. Nikimbonyeza mguu, shimo la kidole linabaki pale. Nikamwambia, wewe bibi umekandwa kwa unga.

Vifaranga sasa ni thelathini na mmoja. Wanakusubiri.

Baba yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, nisamehe.

Nilimsomea muuguzi barua yako kwa kujigamba. Nilipofika kwenye shimo la kidole akaniambia nirudie. Baba, mtoto hajanona. Amevimba. Yale ni maji. Uji mwepesi na sukari unajaza tumbo lakini haujengi mwili, na mchuzi wa maharage ni maji yenye rangi, chakula chenyewe kilikuwa zile punje. Upole ule ni ugonjwa. Nywele zile ni ugonjwa.

Mpeleke kituo cha afya leo, saa hii unayosoma. Palizi iache. Usimshindilie mayai kwa hofu, muuguzi anasema mwili wake hautayaweza kwa sasa. Kituoni wana maziwa yao maalumu, wanaanza nayo taratibu.

Sikulaumu hata kidogo. Mimi nilisoma kwa macho yangu kwamba mayai yote unaniwekea mimi, nikafurahi. Mama mtu! Badala ya kukuandikia siku ileile umpe mtoto, nikakaa naota kuku. Kimbia, baba.

Binti yako


18 Mei

Baba,

Shikamoo. Dereva anasema daraja limekwenda na maji. Barua yangu ilikaa kwenye lori siku kumi na moja, ndipo akampa mtu aliyevuka kwa miguu. Hajui kama ilifika.

Niliomba ruhusa, wakakataa. Nikatoroka hadi getini. Mlinzi alinishika mkono polepole akaniambia, dada, ukienda utampelekea na hili lako. Nikarudi kitandani.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni baya, liandike.

Binti yako


Kituo cha afya
2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Yuko hai. Nimelitanguliza hilo usihangaike kulitafuta.

Barua ilinikuta shambani. Sikurudi nyumbani hata kubadili nguo. Nilitembea naye kwa saa sita, mtoni maji yalinifika kifuani, yeye nimemweka mabegani. Hakulia. Njia nzima nilikuwa namwomba alie. Tabibu alimtazama mara moja tu akampokea. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika. Siku zile nilimnywesha maziwa kwa kikombe kila baada ya saa mbili, matone tu, nisijue kama kesho nitakuwa naye. Kisha uvimbe ukaisha, na mwanangu, ndipo nikamwona. Mifupa mitupu. Huyo ndiye niliyekusifia. Nilitoka nje nikajipiga makofi kama mwendawazimu. Yule mtoto alikuwa na njaa, na mayai yalikuwa hatua kumi kutoka kwenye mkeka wake, na mimi nilikuwa nayahesabu.

Sasa anakula. Wodi nzima mwanamume ni mimi peke yangu, na akina mama hapa wamenifunza bila huruma. Maharage nachemsha mpaka yalainike, namenya maganda, naponda na karanga, mboga za majani nakatakata ndogondogo. Uji ni mzito, hauchuruziki kijikoni. Juzi amempora mwenzake kijiko, wakagombana. Nilijidai namgombeza, moyoni nikashukuru.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Humu wodini kila mtoto anamwita anayemletea kikombe. Jana nilichelewa na uji. Akainuka akakaa, akaniangalia, akaita: Mama. Neno lake la kwanza katika maisha yake, na aliniita mimi. Akina mama wakaangua kicheko. Mimi nilisimama na kikombe, nikashindwa kuitika. Nusura nikupotezee mtoto, sitaki kukuchukulia na hili. Namfundisha aseme Babu, hataki hata kusikia. Akaita tena leo asubuhi, nikajifanya sijasikia. Nifanyeje, mwanangu?

Baba yako


9 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia hadi muuguzi akadhani nimepata msiba, nikamwonyesha barua, akakaa kitandani kwangu akalia na yeye. Vipimo vya mwezi huu ni safi. Bado wiki saba.

Umeniuliza ufanyeje. Nimekaa na swali lako siku mbili, na nakuambia kweli, nimeona wivu. Neno hilo nililisubiri miezi kumi na moja nikimnyonyesha, nikimsemesha, nikimwimbia. Nilitaka liwe langu. Nalitaka hata sasa.

Lakini alikuwa na njaa akaita, na wewe ulikuwepo na kikombe mkononi. Baba, mtoto wangu alishanyamaza mara moja, na sote tumeona ukimya ule ulikuwa nini. Usimzoeshe kuita bure.

Akiita Mama, itika.

Binti yako