Kitenzi Kilichoolewa Nyumba Tatu

Kimulot, Agosti 1995

Phelix wangu,

Bado nasikia ulivyokuwa ukiimba ukishuka na kikapu cha majani chai.

Chuoni nimesoma kitenzi cha Kilatini, cantare, yaani kuimba. Waitaliano wamekiacha vilevile, Wahispania wamekikata mkia kikawa cantar, Wafaransa wamekilainisha kikawa chanter. Kimeolewa nyumba tatu na bado kinaimba!

Tangu zile ghasia za kikabila za 1992, baba hakutaka Mjaluo kama wewe atajwe hapa. Mama alinitania, “Huyo mwimbaji atakulisha nini?”

“Samaki, mama.”

Jana nilimwambia baba mwenyewe kwamba unataka kunioa. Alimaliza mursik yake, yale maziwa yetu machachu ya kibuyuni, kisha akauliza, “Wazee wao watakunywa maziwa haya?”

Nimeshamwambia watakunywa watakapokuja kuposa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waonye wasikunje uso.

Wako,
Caren