Rinda Uliloniambia Niliache

Mama,

Nanjala amehamia chumba chako. Usishtuke. Nilikataa mwezi mzima, nikasema ngojeni kwanza, lakini mjukuu wako sasa yuko kidato cha pili na hawezi kuendelea kulala na wadogo zake wanaopiga mateke kama punda. Basi wiki mbili zilizopita niliingia mle na ndoo, kitambaa na huu mdomo wangu unaoujua, nikafungua kabati.

Lilikuwa bado linanukia wewe. Sabuni ya kipande, na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Nilikaa kitandani kwanza, nikakaa sana. Halafu nikajiambia, Nekesa, kazi ni kazi.

Unakumbuka siku tulipolipanga mara ya kwanza? Mimi nakumbuka kila kitu, na ndiyo sababu nakuandikia. Ulikuwa umetoka Myanga kuja kukaa nami hapa Kitale kwa ajili ya kliniki, ukaja na sanduku lako la mabati na magunia mawili ya nguo. Magunia mawili, Mama! Nikasema hizi haziingii. Mimi ni mtu wa duka la mbegu, nimezoea kila pakiti na rafu yake, na siku hizo nilikuwa nimeona kwenye simu mwanamke fulani anafundisha watu kupunguza nguo: ambayo hujavaa mwaka mzima, toa. Nikamwaga zote kitandani, nikafanya mafungu matatu. Za kubaki, za kupeana, za kutupa. Wewe ulikaa kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo magotini, ukiniangalia kama mtu anayeona ng'ombe wake wakipigwa mnada.

Hukunizuia ila mara moja. Niliposhika rinda la bluu, lile la kola nyeupe na mkanda wa kitambaa kilekile, ukasema, "Hilo liache." Mimi nikacheka. Nikasema, "Mama, si hili hata halikutoshi? Hujalivaa tangu nikiwa shule ya msingi." Ukageukia dirisha, ukasema, "Sawa. Kabati ni lako."

Ningekuwa na masikio ningesikia. Lakini mafungu yalikuwa yamependeza na nilitaka kumaliza. Rinda likaingia gunia la kupeana, akina mama wa kanisa wakaja wakalichukua mchana uleule kuwapelekea wahitaji upande wa Moi's Bridge. Nikazitundika zilizobaki kwa hanga za rangi moja, nikakuita uone. Ukasema ni nzuri. Ukaomba chai.

Miezi saba baadaye ukatuacha.

Ulikuwa bado mochari wakati Senge Nafula, wifi yako, aliponipigia simu kutoka Bungoma. Hakuanza hata na pole. Alisema, mama yako aliniambia avalishwe rinda la bluu, kitambaa chake alinunuliwa na ndugu yangu, ili huko aendako mzee akimwona amtambue. Liko wapi?

Mama, huu mdomo unaobishana na wateja kutwa nzima ulikauka. Nikasema, "Labda lilibaki Myanga."

Labda! Kineno kidogo namna hiyo, na angalia kilichofanya.

Kubaki Myanga maana yake ni kubaki na Metrine. Mke wa kaka yangu Wanyonyi ndiye aliyekupikia na kukufulia miaka yote kabla hujaja kwangu, na ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba yako. Senge akamfungulisha kila sanduku, akapekua mpaka chini ya godoro la watoto. Rinda halikuonekana. Mimi nikakununulia lingine hapa mjini, la zambarau, mbio mbio, nikakata lebo kwa meno kwa sababu sikuwa na wembe. Ndilo ulilokwenda nalo. Nguo ambayo mikono yako haikuwahi hata kuigusa. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitakuficha.

Lakini kuna linaloniuma zaidi. Siku ya kugawa, nguo zako zilitandazwa mkekani, tukaitwa mmoja mmoja. Mimi nikapewa sweta la kijivu. Senge akajichukulia ile leso ya maua mekundu uliyokuwa unaiweka ya siku njema. Zamu ya Metrine ilipofika, Senge akasema mbele ya watu wote, "Huyu alijigawia mapema." Watu wakaguna. Metrine akainama, akaokota sinia la vikombe, akaenda jikoni. Na mimi, binti yako wa pekee, nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Ningeweza kusema. Sikusema. Nikarudi Kitale na sweta langu.

Tangu hapo, Wanyonyi aliniambia, kukiwa na matanga mahali popote kule kwetu, wanawake hawamtumi Metrine ndani tena. Wewe unajua maana yake. Kuingia chumba cha ndani, kutoa blanketi na vikombe vya wenyewe, ni kazi ya mtu anayeaminika, na ilikuwa yake miaka yote. Siku hizi anaachiwa sufuria nje. Mimi nikawa namtumia sukari. Namtumia na mbegu za mahindi. Sukari, Mama! Ati sukari ifunike jambo kama hilo.

Sasa turudi kabatini. Nilivuta droo ya chini mpaka ikatoka kabisa, nipanguse nyuma yake. Huko nyuma kulikuwa na soksi moja imeviringishwa. Ndani yake, mkanda wa rinda la bluu.

Ulichomoa saa ngapi? Nadhani ni nilipoenda jikoni kutafuta kamba ya kufungia gunia. Ulikuwa mgonjwa, goti halikunji vizuri, na bado uliinama ukachukua kile ulichoweza kuchukua, ndani ya nyumba ya mtoto wako mwenyewe, kama mwizi. Nilipiga kelele. Nanjala akaja mbio akidhani ni nyoka.

Nitakuambia ukweli wote. Fungu la kutupa lilikuwa pale mlangoni, na kwa dakika moja niliutazama huo mkanda nikautazama na huo mlango. Kitambaa tu, nani angejua? Halafu Nanjala akaniuliza, "Mum, ni wa nani?" Nikamwambia ni wa Kukhu, bibi yake. Baada ya kulisema hilo kwa sauti, sikuweza tena kuutupa.

Jumamosi iliyopita nikaenda Myanga. Nilikuwa nimemwomba Senge naye aje. Nikauweka mkanda mezani katikati ya vikombe vya chai, nikasema yote, kuanzia yule mwanamke wa simu mpaka lile neno labda. Senge alinitukana kwa Kibukusu, akanitukana kwa Kiswahili, na nilistahili kotekote. Metrine alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

Akasema, "Nilijua."

Ati ulimpigia siku ileile ukamwambia, "Nekesa ametoa rinda langu. Usimwambie mtu, wataanza kumsema." Akakuahidi. Akaishika ahadi yako wakati Senge anageuza godoro la watoto wake. Akaishika alipokuwa amebeba lile sinia. Nikamuuliza, sasa mbona hata siku ya kugawa ulinyamaza, watu wanaguna na wewe unajua? Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akasema, "Niliahidi mama. Halafu wewe ulikuwa hapo, dada. Una mdomo."

Sijawahi kupigwa na mtu hivyo. Nililia kilio ambacho sikulia hata siku tulipokuzika.

Senge unamjua, neno samahani hawezi kulitoa hata umfinye. Alisimama, akatoa leso ya maua mekundu mabegani mwake, akamfunga Metrine nayo. Ati inamletea joto. Metrine hakuivua.

Nikawaambia kinachoninyima amani, kwamba Baba hatakutambua na lile rinda la zambarau. Ndipo Metrine akacheka, yeye! Akasema, "Mzee atamjua tu. Mama akianza kuuliza ni nani amehamisha kikombe chake, si atamjua?" Tukacheka wote, Senge mpaka akashika mbavu. Mama, kweli ulikuwa unatusumbua na hicho kikombe.

Tukaja kwako sote watatu. Wanyonyi alikuwa amepalilia mahindi, yamefika kiunoni, na kaburi amelizungushia mawe vizuri. Metrine akaufunga mkanda kwenye msalaba wako, fundo nyuma, vile ulivyokuwa unalifunga. Mkanda ulikuwa unaning'inia kidogo upande mmoja. Mkono wangu ukataka kuunyoosha, nikauzuia.

Kabati nimemwachia Nanjala alipange mwenyewe. Ana suruali moja imechanika magoti yote mawili, aibu tupu. Niliishika, akasema, "Hiyo iache." Nimeiacha.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Ijumaa tunaenda matanga Tongaren, kwa jamaa zake Senge, na wale waliokuwa mkekani siku ile watakuwapo karibu wote. Wanyonyi anasema niwaambie polepole, mmoja mmoja. Hapana. Jina lake lilichafuliwa mbele ya watu, litasafishwa mbele ya watu. Nitasimama niseme ni mimi niliyetoa rinda, ni mimi niliyenyamaza. Naogopa, Mama. Lakini nitasema.

Pumzika, mama yangu. Msalimie Baba, ukishamwonyesha wewe ni nani. Na Ijumaa ukituangalia, usinitafute ndani. Metrine ndiye atakayeingia kutoa vikombe vya wenyewe. Sufuria nitaosha mimi.

Nekesa wako