Fundi Ladislaus Nombo na Landrova ya Lundo

Mwaka umezunguka, Ladislaus, tangu mvua za Machi zikuzuie ng'ambo ya mto, nasi tunakuona. Kahawa za nyuma ya nyumba zimeshika tena matunda mabichi. Barabara ya ziwani imekatika tena palepale. Mkeo Rosina akisikia gari linapanda mlima kwa gia ndogo, bado huacha anachofanya akasikiliza.

Wageni wa hapa Mbinga hawajui ulianzia wapi. Ulianza kwenye karakana ya chama cha ushirika, ukitengeneza malori ya kubebea kahawa. Chama kilipolegea na wanunuzi binafsi wakaja na pikapu zao za Kijapani, kila mwenye uwezo alitaka gari la mtumba lililotoka melini juzi. Ya zamani yakageuzwa mabanda ya kuku. Wewe ukafungua karakana yako jirani na soko, ukaanza kuyaokota hayo yaliyotupwa. Watu walikucheka.

"Fundi, siku hizi unafuga vyuma?"

"Chuma hakina haraka, ndugu yangu," uliwajibu. "Na mimi sina."

Ulikuwa mtu wa taratibu kweli. Saa ya chakula ulisugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka kwenye viwiko, na bado kikombe cha Rosina kilibaki na alama ya dole gumba jeusi. Jumapili uliimba besi kwenye kwaya ya parokia, umefumba macho. Fundi mwenzako akikwama, ulikwenda kwake na spana zako mwenyewe, na ulirudi bila kusimulia.

Bwana Frederick, yule mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayekusanya magari ya zamani, alikujia mara ya kwanza na habari ya Peugeot aliyoiona Litumbandyosi. Inang'aa, alisema. Alitaka kuichukua siku hiyohiyo. Mlikwenda pamoja, na Rosina akapata lifti ya kwenda kumsalimu shangazi yake, ndiyo maana aliyaona haya. Ulivua shati, ukalala chini ya gari, ukaanza kugonga chasisi kwa spana.

"Sikiliza, bwana. Hapa inalia. Huku nyuma imenyamaza. Penye kimya pameoza, wamepaka rangi juu."

"Kwa hiyo tuiache?"

"Nani kasema? Nunua, lakini ujue unachonunua. Hapa nyuma panachomeleka. Ingekuwa imeliwa katikati, ningekwambia turudi zetu nyumbani."

Bwana Frederick akalala chini kando yako na suruali yake nyeupe, naye agonge asikie. Tangu siku hiyo mkawa ndugu.

Mpaka leo watu wanakuja kuuliza habari za magari ya zamani, na Rosina huwapokea mlangoni. Huwaambia yale aliyokusikia ukiyasema. Gari lililolala miaka usiliwashe siku unayolikuta: toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, liache linywe, halafu zungusha injini kwa mkono. Kipuri cha zamani usikitupe kabla kipya hakijakaa mahali pake. Ukilipakia juu ya lori, lifunge kwenye ekseli, si kwenye bodi, na betri itoke. Likiwa kwenye mbao za kupandishia, mtu asisimame chini yake. Na masika, usisafirishe gari. Wakiuliza zaidi ya hapo, huwaaga. Mengine yalikuwa mikononi mwako.

Landrova ya Lundo, kule ziwani, hukuitafutia mteja. Hiyo ulijitafutia mwenyewe. Ilikuwa ya marehemu Edmund Haule, ikilala kwenye kibanda cha makuti karibu na maji, na mjane wake, Mama Hedwiga, alikuwa amewafukuza wanunuzi wa vyuma chakavu mara nyingi. Wewe ulimwambia, "Shikamoo mama. Sikuja kuikata. Nataka itembee." Akakutazama sana, akakupa ugali na usipa, dagaa wa ziwani, akakupa na ufunguo.

Mwaka mzima na zaidi uliteremka kila ulipopata nafasi. Ulifungua injini pale pale ufukweni, juu ya turubai, mchanga usiingie. Breki ulizitoa Songea, kabureta uliiokoa kwenye malori mabovu ya ushirika. Siku ilipounguruma, Mama Hedwiga alitoka jikoni na mwiko mkononi akalia. Na wewe ukasema neno lililotufikia sote: hiyo ndiyo itakayompeleka binti yako Aurelia kanisani, ndoa yake ikifungwa baada ya Pasaka.

Ndiyo sababu ukavunja sheria yako ya masika. Landrova ilikuwa haijapata klachi ya kuaminika kwa mlima ule, kwa hiyo ilibidi ipande juu ya lori la rafiki yako Romanus. Rosina alikusihi.

"Baba Aurelia, ngoja. Binti yetu anaweza kwenda kanisani kwa miguu. Mimi nilikwenda kwa miguu."

"Mvua haijashika bado, Mama Aurelia. Nikikuta barabara imeharibika, nitageuka."

Hukukuta imeharibika. Iliharibika mkiwa katikati yake. Lori lilizama tope penye kona ya mwinuko, likaanza kuinama upande wa korongo, na mkakubaliana kuishusha Landrova ili kupunguza uzito. Mliiteremsha kwa mnyororo juu ya mbao. Ildefonsi, utingo wa Romanus, aliteleza akaangukia chini yake, na mnyororo ukakatika. Romanus anasema hukupiga hata kelele. Ulimsukuma kijana wa watu kwa mikono miwili, naye akabingirika majanini, na gari likakukuta wewe.

Katekista aliyekuwa akipanda kwa pikipiki alikuja kutuambia. Wenzako wakakutengenezea machela kwa turubai na miti, wakaanza kukubeba kuelekea kwetu. Sisi tukaazima pikapu, pamoja na Rosina na mdogo wako Joakim, tukaanza kuteremka kuja kwenu. Tulikutana mtoni. Daraja la magogo lililopitisha pikipiki ya katekista lilikuwa limekwenda na maji.

Rosina alikuona. Ulikuwa umelazwa chini ya mti mdogo, umefunikwa koti la Romanus, na mkono wako mmoja ulikuwa nje. Aliita. Maji yalikuwa yanavuma, yakabeba sauti yake pamoja na mawe. Joakim alijifunga kamba akaingia. Maji yalipomfika kiunoni yalimwangusha, tukamvuta nje akiwa anatapika tope. Akataka kuingia tena, tukamshika. Hapakuwa na la kufanya. Rosina alisimama ukingoni, mvua inamwingia shingoni, akakupungia. Anaapa kwamba vidole vyako vilijibu.

Ukamnong'oneza Ildefonsi kitu, ndivyo alivyotuambia baadaye. Ulimwuliza, "Amevaa sweta?" Ildefonsi akatazama ng'ambo, akakujibu kwamba amevaa. Hakuwa amevaa. Ukasema, "Vizuri."

Halafu Rosina akamwona Ildefonsi anavua kofia, na Romanus anavua yake. Hivyo ndivyo alivyojua. Maji yalipungua jioni ileile, tukavuka bila shida, magotini tu.

Siku ya kuanua matanga Ildefonsi alikuja akapiga magoti mlangoni. "Mama, ningekuwa mimi."

"Ungekuwa wewe, mama yako angelia hivihivi," Rosina alimjibu. "Inuka, mwanangu. Ule." Alimpakulia kwa mkono wake. Lakini alipokwisha kula na kuondoka, Rosina aliingia chumbani akajifungia. Hatukubisha hodi.

Ndoa iliahirishwa hadi Juni. Aurelia alikwenda kanisani kwa miguu, ameshikwa mkono na Joakim, na kwaya yako iliimba bila besi ya kutosha.

Landrova ilibaki kando ya barabara msimu wote wa mvua. Watu wa kijiji kilicho jirani na ile kona waliizungushia uzio wa miiba, asiiguse mtu. Kiangazi Bwana Frederick na Romanus waliipandisha hadi mbele ya nyumba, wameifunga kwenye ekseli. Joakim alitaka iuzwe. Aurelia alitaka ibaki. Rosina hakutaka lolote. Alipitia mlango wa nyuma asiione. Mwisho Bwana Frederick akauliza kwa upole, "Shemeji, niifanyeje?"

"Ichukue. Siwezi kuitazama, na siwezi kuiacha ioze. Sasa niambie wewe mtu afanye nini."

 Akaichukua. Hatujui kama alifanya vyema, wala kama Rosina alifanya vyema. Wewe ndiye tungekuuliza.

Mwezi huu Aurelia amejifungua mtoto wa kiume, na amepewa jina lako. Dada yako Hildegardi akambeba akampelekea Rosina, akamtania kama wanawake wanavyotaniana siku zote: "Haya wifi, mpokee mume wako." Wote wakacheka. Rosina akampokea. Akafungua kinywa amwite, na jina halikutoka. Alijaribu tena. Mtoto akawa anamtazama, anangoja, na Rosina akabaki amemshika hivyo.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Jumapili hii.

Unakumbukwa na mkeo Rosina, binti yako Aurelia na mumewe Nicholaus, mjukuu wako Ladislaus, mdogo wako Joakim, dada yako Hildegardi, Mama Hedwiga wa Lundo, Romanus, Bwana Frederick, na Ildefonsi, ambaye ameomba jina lake liandikwe kati ya watoto wako. Tumeliandika.

Siku zote tutakazojaliwa, tutakukumbuka.