Nilimwambia Mke Wangu Chini ya Boneti Kuna Umeme

Mshauri wangu mpendwa,

Nisamehe mwandiko, kalamu nimeishika mara tatu wiki hii na mara tatu nimeirudisha mezani, ila leo nimesema potelea mbali, naomba unisaidie kwa sababu nimemdanganya mke wangu na sijui nitokeje.

Mimi ni dereva mstaafu, nimeendesha magari ya ofisi miaka thelathini na moja, na mkurugenzi wangu wa mwisho alikuwa na kawaida ya kufungua buti kila asubuhi na kupitisha leso nyeupe kwenye zulia, leso ikitoka na vumbi basi siku yako imeharibika, utasemwa mbele ya makarani wote mpaka utamani ardhi ipasuke uingie. Nilipostaafu, mimi na mama watoto tukajipinda tukanunua gari letu wenyewe, la umeme, lile la kimo cha juu, halingurumi wala halinuki mafuta, na ukikunja viti vya nyuma unaweza kulaza godoro. Siku ile ile nikatandika butini zulia la mpira lenye kingo zilizoinuka, limekaa sawasawa na umbo la buti utadhani limezaliwa humo. Nikaona si vizuri lichafuke, nikalifunika kwa turubai, halafu turubai nalo lilikuwa jipya, nikalitandikia shuka.

Sasa mke wangu ana kitalu nyuma ya nyumba, anaotesha miche ya maua na matunda, majirani wanamwita Mama Miche. Siku moja akaja na trei zake zinadondosha maji, nikashtuka, nikamwambia, "Mama, udongo huo! Zulia jipya!" Akasema, "Si la mpira?" Nikasema la mpira ndiyo, lakini jipya. Akacheka, akaenda kuita mkokoteni. Baada ya wiki mbili akaniuliza, "Na huko mbele je? Gari lenyewe halina injini, si kutakuwa na nafasi?" Mshauri, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Huko usiguse kabisa, ndiko umeme wote unakokaa, utakukausha." Ukweli ni kwamba huko mbele kuna buti jingine dogo, la plastiki, lina kina cha kutosha na tundu la kutolea maji, na mimi ndimo ninamoweka brashi zangu na sabuni ya kuoshea gari.

Akaniamini. Tena akawa anawasimulia wateja, "Mume wangu ananipenda huyu, hataki nipigwe shoti." Mwezi uliopita shemeji, kaka yake, alikuja akaegemea boneti na kikombe chake cha chai, mke wangu akapiga ukelele, "Toka hapo, utakufa!" Shemeji akaruka, chai ikamwagikia suruali, watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliumia.

Kinachonifanya niandike ni kwamba mkokoteni unatikisa na jua linapiga, oda mbili zilizopita miche ilifika imenyauka, mingine imevunjika shina, wateja wakairudisha. Jumapili mke wangu alikuwa bombani ananawa udongo mikononi, akasema taratibu tu, "Baba, oda ya hospitali ya Alhamisi ijayo nikishaipeleka nafunga kitalu. Nimechoka kulea vitu vya kufa njiani." Nikimwambia ukweli atajua miezi minane nimemfanya mjinga mbele ya ndugu zake, na nisipomwambia kitalu ndiyo basi. Nimewaza nimwambie fundi ameuhamishia umeme nyuma, lakini huko nyuma nako kuna zulia. Nifanye nini?

Ni mimi, Dereva Mstaafu

*

Ndugu yangu Dereva,

Usiuhamishe umeme. Tafadhali sana.

Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Nilipofika pale mkeo ananawa mikono bombani, kicheko kikakata. Mwanamke anataka kuacha kazi anayoipenda kwa kukosa nafasi ya kubebea mizigo, na nafasi unayo wewe, umeifungia brashi.

Zulia la mpira kazi yake ni kuchafuka. Hizo kingo unazozisifu ziliinuliwa ili maji na matope yaishie hapo hapo. Toa shuka leo, toa na turubai. Likichafuka, litoe, limwagie maji, lianike, lirudishe. Huo ndio ufundi wake wote.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Mtu aliyepitishiwa leso asubuhi zote hizo hawezi kuacha kuogopa kwa sababu tu amepewa barua ya kustaafu. Lakini mkurugenzi yule hayupo tena. Anayekagua sasa ni wewe, na anayerudishwa na trei zake mikononi ni mkeo. Hilo ni kosa, bwana, na wewe mtu mzima unalijua.

Nimemuuliza fundi wa magari ya umeme. Anasema hilo buti la mbele limetengenezwa kwa mizigo. Nyaya nene za rangi ya machungwa ndizo asiguse, wala wewe usiziguse. Mbele wekeni trei nyepesi, nyuma ziende nzito, na msafiri mapema kabla jua halijawa kali.

Lakini kabla ya trei kuna neno. Mwambie leo, usingoje Jumatano. Usimtume shemeji, usiandike ujumbe wa simu, usilete utani wako wa madereva. Mpeleke uani, fungua boneti, useme, "Nilikudanganya. Hapa hapakuwa na hatari, nilikuwa naogopa uchafu." Ukianza na "unajua, mama, wakati mwingine mwanaume..." umeshaharibu. Na kwa ndugu zake umsafishe wewe mwenyewe: umwambie shemeji, mkeo akiwa anasikia, kwamba aliyemmwagisha chai ni wewe.

Atakasirika, na ana haki. Huenda akakununia siku mbili, huenda akawasimulia wateja hadithi mpya ambamo wewe hutoki vizuri. Vumilia. Mwanamke anayejisifia mumewe kwa wateja bado ana mapenzi naye, na kitalu hicho kinaweza kupona mkikishika pamoja. Mimi nina imani nanyi.

Akiwa anasema, usijitetee. Akimaliza, muulize miche inapangwaje ili isivunjike njiani. Umeendesha maisha yako yote na hukuwahi kumuuliza hilo. Atakuonyesha. Panga anavyokwambia.