Kibuyu cha Juu ya Jiko

Mamangu, nakuamkia kutoka kisiwani kwenu Koyama, na nimeshaharibu!

Bahari imechafuka, boti ya mchele haijaja kutoka Kismayo. Jana nikasema nimpikie mdogo wako, khalati Mwanaesha, uji. Nikaona kibuyu kimening'inia juu ya jiko, kimejaa mtama. Nikautwanga wote, nikaupika.

Khalati aliporudi kutoka kisimani alitazama kibuyu kitupu, akakaa chini. "Mwanangu, hizo ni mbegu. Aliniachia mamako alipohamia Mombasa." Kumbe kila mvua huzipanda, akavuna, akajaza kibuyu tena, na moshi wa jiko ndio dawa ya wadudu. Hata miaka ya njaa hakuzigusa, Mama. Mimi nimezimaliza kwa chungu kimoja.

Nililia. Akanifuta kwa ncha ya leso yake, akasema chakula hakimwagwi, tukaunywa uji. Kisha akakikung'uta kinu, zikatoka punje nzima za kujaa kiganja. Leo tumezipanda nyuma ya nyumba. Amesema siondoki mpaka nizione zimeota.

Basi usinitazamie kwanza, mamangu. Niombee mvua.

Mharibifu wako,
Zena